Mwacheni Django na vidole vyake

Mwezi uliopita nilikaa kwenye semina moja ya kazini. Mhamasishaji akapanda jukwaani, akamaliza habari za nidhamu, kisha akamvaa Django Reinhardt: mpiga gitaa wa jazi aliyeungua vidole viwili na bado akawa bingwa. "Wewe una kumi, kisingizio chako nini?" Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikanuna. Nimempenda Django miaka mingi, na kila nikimsikia akitajwa, kinachotajwa ni kidonda.

Habari ya moto ni ya kweli, sibishi. Alizaliwa Januari 1910 huko Liberchies, Ubelgiji, katika familia ya Wamanouche, Waroma waliokuwa wakihamahama na karavani zao, akakulia pembezoni mwa Paris. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, alikuwa na mke na alikwisha kuingia studio kupiga banjo nyuma ya akodiani. Mkewe alikuwa akitengeneza maua ya seluloidi, plastiki ya zamani inayowaka upesi, ya kuuza, yamejaa ndani ya karavani. Usiku mmoja mshumaa ukaanguka, na seluloidi ikishika moto haikupi nafasi ya kufikiri. Django alitoka na mguu ambao madaktari walitaka kuukata, akakataa. Mkono wa kushoto, kidole cha pete na cha mwisho vilijikunja, visinyooke tena.

Sasa angalia wanachokiruka wahamasishaji. Aliyeungua pale si mwanagenzi. Ni kijana aliyepiga kwenye kumbi za dansi za Paris tangu utotoni, sikio limeshaiva. Halafu hata hicho cha "vidole viwili" ni nusu ya habari. Kwenye solo, ndiyo, alitumia viwili. Lakini kwenye kodi, yaani nyuzi kadhaa zinapopigwa kwa pamoja, alivibandika vile vilivyopinda juu ya nyuzi mbili nyembamba, na gumba akalizungusha shingoni mwa gitaa likamate nyuzi nene.

Nilijaribu. Nilifunga vidole vyangu viwili kwa plasta, nikakaa na gitaa jioni nzima. Kupiga kwa kukaa mahali pamoja, kama tunavyofundishwa, haiwezekani. Inabidi mkono ukimbie, upande na kushuka shingo yote. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini solo zake zinafyatuka vile. Pia niliumwa kifundo cha mkono siku mbili, lakini hayo tuyaache.

Kwangu mimi, mtu anayepaswa kutajwa kwenye semina ni mdogo wake, Joseph. Ndiye aliyempelekea gitaa Django alipokuwa kitandani. Mwaka 1934 ilipoundwa bendi yao ya Paris, Quintette du Hot Club de France, Django alilalamika: Stéphane Grappelli akipiga solo ya violini, nyuma yake kuna magitaa mawili, lakini yeye Django akipiga solo, amebakiwa na moja tu. Akaingizwa Joseph. Bendi ile haikuwa na ngoma hata moja. Besi ya Louis Vola ilikuwepo, lakini ngoma ilikuwa mikono ya kulia ya wapiga rithim, wale wa magitaa ya nyuma ya solo: mpigo mmoja unaachwa uvume, unaofuata unakatwa papo hapo kwa kulegeza vidole vya mkono wa kushoto, chaa-chak, chaa-chak, wimbo mzima, usiku mzima, mwaka baada ya mwaka. Solo likikosea mahali, tunasema ni ubunifu. Rithim ikikosea, watu wanaacha kucheza.

Vita ilipoanza Septemba 1939 walikuwa London. Grappelli akabaki, Django akarudi Ufaransa. Paris ikatekwa, Waroma wenzake wakauawa kambini, na yeye akawa anajaza kumbi, wimbo wake "Nuages" ukipendwa kila pembe. Mwaka 1943 alijaribu kukimbilia Uswisi, akakwama. Mtu aliyeishi miaka hiyo hivyo, sioni namna ya kumgeuza somo la dakika tano la kujituma.

Ziara ya Marekani ya 1946 na Duke Ellington, kiongozi wa bendi maarufu ya jazi, ilikuwa ya vituko tu: alikwenda bila gitaa, na kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York, usiku mmoja alifika kwa kuchelewa. Alifariki Mei 1953, ana miaka 43. Mwaka huohuo mpiga jazi mwingine wa Ubelgiji, Bill Alexandre, alitua Leopoldville (Kinshasa ya leo) na gitaa la umeme kufanya kazi na studio ya CEFA. Wapenzi wa rumba wanajua kilichofuata: gitaa la umeme likaingia kwenye rumba ya Kongo.

Jumapili nilimsikilizisha mjomba wangu "Minor Swing", wimbo wa bendi ile wa 1937. Mjomba alipiga rithim kwenye bendi ya dansi enzi zake. Solo la Django lilimpita hivihivi. Alifumba macho, mkono wa kulia ukaanza kutembea juu ya goti.

"Huyu wa nyuma ni nani?"

"Wako wawili, mjomba. Mmoja ni mdogo wake."

Akafungua macho. "Acha utani. Nasikia mmoja."