Sufuria au chupa: kiwanda cha bia kianzie wapi kupunguza hewa ukaa?

Mwaka 2008 kiwanda cha bia cha New Belgium, kilichoko Fort Collins katika jimbo la Colorado, Marekani, kilikubali kupimwa. Shirika la The Climate Conservancy lilifuatilia pakiti moja ya chupa sita za bia yao ya Fat Tire tangu shayiri ikiwa shambani hadi chupa tupu inapotupwa, likajumlisha gesijoto zote zilizotoka njiani. Zilifika gramu 3,188.8. Friji za madukani peke yake zilichukua asilimia 28.1, kioo cha chupa asilimia 21.6, shayiri na kimea asilimia 18.6. Kiwanda chenyewe, pamoja na utupaji wa taka zake, kilikutwa na gramu 173. Hiyo ni asilimia 5.4.

Ukiisoma namba hiyo ya mwisho haraka haraka, jibu linaonekana liko wazi. Kama yanayofanyika ndani ya geti ni asilimia tano tu, mwenye kiwanda anahangaika na boila la nini? Abadilishe chupa, azungumze na wakulima, awabane wenye maduka wabadili friji. Fedha itakayozikwa kwenye mabomba ya mvuke itakuwa imepotea.

Hoja hii si ya kubeza. Tanuri la kioo huwaka karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi, usiku na mchana, kwa miaka kumi na zaidi bila kuzimwa; chupa inayotumika mara moja na kutupwa imebeba moto mwingi kwa kazi ndogo. Kopo la alumini likirudi kuyeyushwa hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kutoa alumini mpya kwenye udongo wake, kwa hiyo kopo lililookotwa na kopo lililofukiwa ni vitu viwili tofauti kabisa. Na shambani, mbolea ya naitrojeni huacha oksidi ya naitrasi, gesi ambayo kilo yake moja huipasha dunia kama kilo 270 hivi za hewa ukaa kwa muda wa karne moja. Anayesema tutazame nje ya geti anasema kweli.

Ninachopinga ni kuichukua asilimia 5.4 kama kibali cha kuliacha sufuria lichemke kama lilivyochemka miaka yote.

Tuanze na kiwanda kilichopimwa. New Belgium hakikuwa kiwanda cha kawaida mwaka 2008. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa kikinunua umeme wa upepo. Maji taka yake yalikuwa yakichachushwa bila hewa na kutoa gesi ya kuzalisha umeme. Hata sufuria lake la kuchemshia lilikuwa la aina iliyokuwa adimu nchini humo, linalopasha juisi ya kimea, yale maji matamu ambayo baadaye huwa bia, ikiwa utandu mwembamba badala ya kupasha pipa zima kwa mkupuo. Kwa hiyo udogo wa asilimia ile ni mavuno ya kazi iliyokwisha kufanyika. Kiwanda ambacho hakijawahi kukagua hata mitego yake ya mvuke, yaani valvu zinazotoa maji kwenye mabomba bila kuachia mvuke upotee, hakina haki ya kuiazima namba hiyo na kujipamba nayo.

Kisha kuna tabia ya asilimia zenyewe. Ondoa kioo kwenye hesabu ile, tuseme bia yote inauzwa kwenye kegi, yaani mapipa ya chuma yanayojazwa tena, na gramu 173 zilezile zinakuwa karibu asilimia 7 ya kilichobaki. Ondoa na friji za madukani, zinakaribia 11. Kiwanda hakijafanya lolote, baya wala jema, na fungu lake limeongezeka mara mbili. Hili linanisumbua kila ninapoona chati ya duara ikitumika kugawa bajeti, kwa sababu chati inaonyesha nani kazidi mwenzake na inaficha ni kiasi gani. Kiasi chenyewe ni hiki: chupa sita za mililita 355 ni lita 2.13, kwa hiyo gramu 173 ni kama gramu 81 kwa lita. Kiwanda cha wastani cha hektolita 100,000 (lita milioni 10) kwa mwaka kikiwa na rekodi nzuri kama ya New Belgium bado kingetoa tani 800 na ushee. Hizo tani zina mwenyewe, na mwenyewe hahitaji kumbembeleza mtu mwingine ili azipunguze.

Ndani ya geti, nishati nyingi ni joto, na joto kubwa liko kwenye kuchemsha. Juisi ya kimea huchemshwa saa moja hadi moja na nusu, na si kwa mazoea tu. Moto unaua vijidudu, unasimamisha vimeng'enya, unagandisha protini zinazoiondolea bia ung'avu wake, unageuza asidi za hopsi, maua yanayoipa bia ladha yake, ziwe chungu, na unafukuza dimethili salfaidi, ile kemikali inayoipa bia harufu ya mahindi ya kuchemsha. Mpishi wa bia anapoambiwa apunguze uchemshaji, anaona bia yake ikiharibiwa na watu wa mahesabu. Wasiwasi wake una msingi.

Lakini atazame moto wake unakwenda wapi. Kupandisha kilo 100 za juisi kutoka nyuzi 75 hadi 100 kunahitaji takriban kilojouli 10,500. Kugeuza kilo 8 tu za juisi hiyo kuwa mvuke, kiwango ambacho mitambo ya zamani ilikiona cha kawaida, kunahitaji kilojouli 18,000. Yaani kazi ya kufikia mchemko ni nafuu kuliko kinachotoka kwenye dohani baada ya kuufikia, na kinachotoka huko ni maji. Hopsi inahitaji joto na muda. Haihitaji hata tone moja liruke. Ni ile dimethili salfaidi peke yake, na harufu nyingine chache, ndizo zinazohitaji mvuke wa kuzibeba, na mitambo ya kisasa inazitoa kwa kuvukiza asilimia 4 au 5. Tofauti hiyo, kwa kiwanda chetu cha hektolita 100,000 kinachochoma gesi asilia, ni kama tani 60 za hewa ukaa kwa mwaka, na bia haitambui kilichotokea. Mvuke unaobaki nao unaweza kunaswa, ukageuzwa maji tena, na joto lake likapasha juisi ya mpiko unaofuata.

Si ajabu kwamba James Prescott Joule, ambaye jina lake tunalitumia kupimia nishati, alikuwa mtoto wa kiwanda cha bia cha Salford, Uingereza. Katika kazi chache mtu anaona joto likihama chombo hadi chombo kwa uwazi kama huu.

Hapa ndipo paneli za jua zinaponitia mashaka, ingawa nazipenda. Paneli za umeme juu ya paa ni kitu cha kwanza ambacho kiwanda hukipiga picha. Zinasaidia upoozaji, pampu na taa. Haziligusi boila. Kiwanda cha Gösser, kule Leoben nchini Austria, kilipita njia nyingine: mita za mraba 1,500 hivi za vikusanya joto la jua zinapasha maji ya kulowekea kimea, joto la ziada linatoka kwa kiwanda cha mbao cha jirani, na machicha yanatengenezewa gesi. Hilo liliwezekana kwa sababu kulowekea kimea kunafanyika kwenye nyuzi 50 hadi 78 hivi. Viwanda vingi huzalisha mvuke wa nyuzi zaidi ya 150 kwa ajili ya kazi ambazo karibu zote ziko chini ya 100, na ukiwa na mvuke wa moto kiasi hicho, jua na pampu joto, mitambo ya umeme inayohamisha joto kama friji iliyogeuzwa, haviwezi kushindana. Shusha kwanza joto unalolihitaji, ndipo vyanzo safi vianze kukufaa.

Suala la pili la ndani ya geti ni hewa ukaa inayotoka kwenye bia yenyewe. Hamira inapokula sukari hutoa kileo na hewa ukaa kwa uzani unaokaribiana: gramu 180 za glukosi zinatoa gramu 92 za kileo na 88 za gesi. Hektolita moja ya bia ya asilimia 5 inazaa karibu kilo 3.8 za gesi hiyo. Bia iliyokamilika inabaki na kama nusu kilo. Wakaguzi hawaihesabu kama mzigo, kwa kuwa shayiri ilikwisha kuivuta hewani, na wako sahihi. Lakini viwanda vingi huiachia yote dirishani, kisha vinanunua gesi ileile kwa ajili ya kusukumia bia na kufukuzia hewa kwenye matangi, na gesi ya kununua mara nyingi ni zao la pembeni la viwanda vya mbolea vinavyotengeneza amonia kwa gesi asilia. Septemba 2021 bei ya gesi ilipopanda na viwanda vya mbolea vya Billingham na Ince vikasimama, Uingereza nzima ilijikuta ikihofia uhaba wa gesi ya vinywaji, huku matangi ya bia yakiendelea kuitoa. Mitambo ya kuinasa, kuisafisha na kuigandamiza ilikuwa ya wakubwa tu kwa muda mrefu. Sasa iko midogo pia, ingawa kwa kiwanda kidogo kabisa hesabu yake bado ni ngumu.

Nirudi kwenye chupa, maana wanaoitetea wana hoja moja ambayo sina jibu la kuipinga. Hakuna uchemshaji bora utakaolipia kioo kinachotupwa. Chupa nene inayorudi hujazwa makumi ya mara, na Ujerumani imeonyesha kwamba taifa zima linaweza kuishi hivyo. Ila tazama chupa hiyo inaporudi inafikia wapi. Inaingia kwenye mashine ya kuosha yenye magadi makali ya moto wa nyuzi 80 hivi, inasuuzwa kwa maji mengi, na bili yote hiyo iko ndani ya geti. Kiwanda kinachoacha chupa za kutupa kinahamisha moto kutoka tanuri la kioo na kuuleta kwenye boila lake. Jumla inashuka sana, fungu lake kwenye chati linapanda. Wale wanaosema achana na boila shughulika na chupa wanasahau kwamba chupa italiuliza boila.

Na jibu mara nyingi tayari liko tangini. Juisi iliyochemka lazima ipoozwe kabla ya kuwekewa hamira, na maji baridi yanayoipooza hutoka yakiwa na nyuzi 80 au zaidi. Sehemu yake hutumika kwa mpiko unaofuata. Inayozidi, kwenye viwanda ambavyo havikupangwa vizuri, hufurika na kwenda mtaroni, wakati chumba cha pili mashine ya kuosha inapashwa kwa mvuke mpya. Ndiyo maana ningeanza na joto: siyo kwa kuwa ni kubwa kuliko kioo, bali kwa kuwa bila kulipanga, kioo kinachorudi kinaoshwa kwa mafuta yaleyale tuliyotaka kuyaepuka.

Kuhusu maji niseme kwa kifupi. Carlsberg mwaka 2021 walifungua huko Fredericia, Denmark, mtambo wa kusafisha asilimia 90 ya maji ya uzalishaji yarudi kazini, ili matumizi yashuke kutoka lita 2.9 hadi 1.4 kwa kila lita ya bia. Ni hatua kubwa, yenye gharama ya umeme wa kuyasukuma maji kwenye vichujio, na panapokuwa na ukame gharama hiyo inastahili.

Kwa mwenye kiwanda kidogo mpangilio huu una kikwazo kimoja cha kweli. Joto lake anaweza kulishughulikia mwenyewe kesho asubuhi, kwa kuanzia na mita tofauti za sufuria, mashine ya chupa na upoozaji. Chupa za kurudi hawezi kuzianzisha peke yake: atalazimika kununua mamilioni ya chupa, makreti, na malori ya kuzifuata. Ujerumani iliweza kwa sababu viwanda vingi hujaza chupa za umbo moja, na chupa ya kiwanda hiki ikirudi kwa jirani hakuna anayepoteza. Wenye viwanda vidogo walio eneo moja wangeweza kukubaliana umbo la chupa kabla ya kukubaliana jambo jingine lolote, na yule ambaye maji yake ya moto bado yanafurika angekuwa wa kwanza kutoa nafasi kwa ajili ya mashine ya kuoshea.