Umeangalia fyuzi?

Saa tisa usiku, pii... pii... pii. Inveta hiyo, kile kidude kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, umeme ukipungua kinalia. Nyie mnaolala kwenye magari nyumba sauti hiyo mnaijua, sina haja ya kueleza. Taa ya juu inapepesa, pampu ya maji inakohoa, friji kimya. Mama watoto hata macho hakufumbua, akasema "baba watoto, gari yako inalia". Ikiwa nzima ni gari yetu, ikifa ni yangu.

Nikatoka na tochi mdomoni, bukta ya kulalia, hatua za kihandisi kabisa. Napima betri vitu vyote vikiwa vimezimwa, volti 12.6. Imejaa! Nawasha friji, betri 12.4, sawa. Nikapima kwenye waya wa friji yenyewe, 10.4. Sasa volti mbili zimeshukia kituo gani? Nikarudi kulala nimenuna.

Asubuhi sijachutama vizuri, jirani wa gari la pili huyo, kabeba kiti chake cha kukunja. Ukiona mtu anakuja na kiti ujue siku yako imekwisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Umeangalia fyuzi?"

Nimeangalia mzee, ni nzima, maana kama imekatika nisingepata hata hizo 10. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari kaletewa mgonjwa aliyekunywa miti shamba. Akaomba tochi nimmulikie, mara akaichukua mwenyewe, akawa anamulika anapotaka kuangalia yeye na mimi mkono uko gizani nachomwa na vichwa vya waya. "Fyuzi hazidanganyi," anasema, huku anazichomoa. Zote! Moja moja, anainua juani, anafumba jicho, anasema "nzima hii", anaiweka kwenye nyasi. Nilipohesabu zilikuwa kumi na nne na zote nzima, na mzee kazipanga kwa rangi, nyekundu na nyekundu, bluu na bluu, zimependeza kweli. Nikamuuliza, mzee, ipi ilitoka wapi?

Kimya.

"Zitaingia tu, matundu si yanalingana."

Yanalingana ndiyo, hapo ndipo balaa lilipo! Ukichomeka ya kijani ya ampea 30 palipotakiwa nyekundu ya ampea 10, siku ya hitilafu waya unaungua kwanza, fyuzi imetulia inatazama. Nilikaa saa nzima na kifuniko cha boksi nasoma maandishi yaliyofutika nusu, mzee kando yangu anasimulia gari lake la zamani ambalo halikuwahi kumsumbua (aliliuza kwa nini basi?), na kila mtoto akipita anaambiwa "tunatengeneza umeme". Tunatengeneza! Jamani mimi nimelelewa kuheshimu wakubwa lakini kuna pahala mdomo ulishafunguka nikaufunga kwa kung'ata plaizi.

Mwingine akapita akaniambia ongeza sola. Sola, saa tisa usiku.

Mzee alipoitwa kwenye chai ndiyo nikapata akili. Friji ikiwa inawaka, nikaweka sindano moja ya tester kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya gari. Hapo inatakiwa karibu na sifuri. Ikasoma mbili. Volti zangu hizo hapo! Nikaingia uvunguni mgongo chini, nikaufuata ule waya mnene mweusi mpaka kwenye bolti ya ethi, pale hasi ya betri inapofungwa kwenye bodi, umevimba ungaunga wa kijani, ukiugusa unacheza kama jino la mtoto. Si fyuzi. Bolti moja ya kijinga yenye kutu.

Ndani nasikia "umeme umerudi? Niweke birika?" Birika la wati 2000, mama! Hiyo ni zaidi ya ampea 160 kutoka betri ya volti 12, acha kwanza nikaze hii bolti.

Bolti yenyewe inataka spana namba kumi. Nikanyoosha mkono kwenye boksi. Nane ipo. Tisa zipo tatu, sijui hata nani alizinunua na tangu nizaliwe sijakutana na bolti ya tisa. Kumi na moja ipo, kumi na mbili, kumi na tatu mbili. Kumi hakuna. Nikajiburuza kutoka uvunguni, mgongo wote mchanga, nikamuona mzee kule kwake kakaa kwenye kile kiti, anakorogea chai kitu kirefu kinachong'aa