Nani Aliwaambia Wenyeji Ni Lazima Wakae Besi ya Kwanza?

Jumamosi moja ya Julai nililipa fedha nyingi kuliko ninavyotaka mke wangu ajue, ili niketi nyuma ya benchi la Cubs, timu ya besiboli, katika uwanja wao wa Wrigley Field, Chicago, na kwa muda wa saa tatu nikajikuta nimebanwa katikati ya watu waliovaa jezi za wageni, wakishangilia kila jambo lililoniumiza. Kosa lilianzia kazini. Mwenzangu mmoja, ambaye hujiona bingwa wa besiboli, aliniapia kwamba wenyeji hukaa upande wa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha mkimbiaji, kilicho kulia ukitazama uwanja kutoka kwa mpigaji, kila mahali na siku zote, nami nikanunua tiketi bila kutazama ramani. Cubs hukaa upande wa besi ya tatu, ule wa kushoto. Nilipomwendea Jumatatu hakuniomba radhi. Alisema Cubs ndio waliopotoka, na kwamba ligi inapaswa kutunga kanuni ya kuziweka timu zote za nyumbani upande mmoja.

Hebu tuitazame hiyo kanuni anayoitamani. Kitabu cha kanuni kinamtaka mwenyeji aweke mabenchi mawili, yasiwe karibu na mistari ya besi kwa chini ya futi 25, yaezekwe, tena yazibwe nyuma na pembeni. Nani akae benchi lipi, hakisemi. Ndiyo maana New York timu zote mbili, Yankees na Mets, hukaa besi ya kwanza, Chicago timu zote mbili hukaa besi ya tatu, na Dodgers wa Los Angeles wako besi ya tatu vilevile, ilhali Red Sox wa Boston, katika uwanja wao wa Fenway, wako besi ya kwanza. Atakayenionyesha mpango wowote hapo, nitampa tiketi yangu ijayo ya kukaa na wageni.

Mimi nasema ibaki hivyo hivyo, na sababu yangu ni nyumba. Katika soka timu hubadilishana magoli baada ya mapumziko, kwa hiyo ubaya wa upande mmoja, uwe jua au upepo, huonjwa na wote. Katika besiboli hakuna kubadilishana: benchi ulilopewa ni lako kuanzia mpira wa kwanza hadi wa mwisho, na mwenyeji atalikalia mechi 81 kwa msimu, wakati mgeni huja kwa siku chache akaondoka. Kwetu mwenye nyumba hujichagulia kiti chake sebuleni, kisha ndipo mgeni huambiwa karibu. Sijawahi kusikia serikali ya mtaa ikiamua baba aketi kushoto au kulia kwa televisheni. Watu wa Pittsburgh walilielewa jambo hili walipofungua uwanja wa PNC Park mwaka 2001. Waliwaweka Pirates, timu yao, besi ya tatu kwa sababu ukiwa pale unaona majengo marefu ya katikati ya mji ng'ambo ya mto Allegheny, na wageni wakabaki na mgongo wa kuupa mji. Mwenzangu anauona huo kuwa utoto. Mimi naona ndiyo sababu ya kweli kuliko zote nilizowahi kusikia: mtu anayefanya kazi mahali pamoja miezi sita ana haki ya kuutazama mji anaouchezea.

Wapo wasemao timu ichague upande kwa kufuata jua, au kwa kufuata anachotaka kukiona kocha. Hoja ya jua siipi nafasi kubwa, kwa kuwa viwanja havielekei upande mmoja, na benchi lenye kivuli katika mji huu huweza kuwa tanuri katika mji mwingine. Hoja ya kocha ina uzito kidogo, nakiri bila furaha. Aliye besi ya kwanza humwona usoni mpigaji wa mkono wa kulia, naye aliye besi ya tatu humwona kifuani mrushaji wa mkono wa kulia, yule anayemrushia mpigaji mpira, anapojiandaa, tena yuko hatua chache tu kutoka kwa kocha anayepunga mkono kumwambia mkimbiaji apite au asimame. Kila upande una siri zake, kwa hiyo acha kila timu ichague siri inayoitaka.

Na kuna jambo moja ambalo sitamwambia mwenzangu. Kwa kuwa nilikuwa upande usio wangu, benchi la Cubs lilikuwa limenielekea moja kwa moja. Mashabiki walioketi nyuma na juu yake, waliotarajiwa kuwa majirani zangu, walikuwa wakiona paa tu. Mimi nilimwona mrushaji aliyeondolewa akishuka ngazi, akatupa glavu, akajifunika taulo kichwani, na kijana mmoja akasogea polepole kwenye benchi hadi bega lake likamgusa, akakaa hivyo bila kusema neno mpaka wenzao walipotoka uwanjani.