Margaret alikuwa na miaka 14

Jumamosi umeme uliporudi tulikaa kuangalia A Royal Night Out, mimi na binti wa kaka yangu aliyekuja likizo hapa Dodoma, sahani ya zabibu katikati yetu. Ni filamu ya vichekesho ya mwaka 2015. Usiku wa Mei 8, 1945, vita imekwisha Ulaya, na Elizabeth na Margaret, mabinti wa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, wanaruhusiwa kutoka kwenye kasri wakashangilie na watu wa London. Wanapoteana na walinzi, Elizabeth anakutana na askari wa jeshi la anga, Margaret analewa chakari na kuzungushwa na wanaume asiowajua. Binti alicheka mpaka akapaliwa.

"Shangazi, kwani kweli Margaret alikuwa na miaka mingapi?"

Kumi na minne. Sawa na yeye. Akanyamaza, akarudisha zabibu kwenye sahani.

Hapo ndipo filamu iliponitoka moyoni. Haya, muziki ni mtamu, na Bel Powley, anayemwigiza Margaret, anaijua kazi yake, hilo nakubali. Lakini Margaret alikuwa mtoto wa watu, na alikuwepo kweli. Kumlewesha mtoto ili ukumbi ucheke, hapana, siwezi kulimeza.

Na walikuwa na haja gani? Kilichotokea kweli kinatosha. Walitoka kundi la watu kama 16. Elizabeth, miaka 19, alikuwa na sare ya jeshi, maana alishajifunza kuendesha na kutengeneza magari ya jeshi. Akashusha kofia hadi machoni asitambulike. Ofisa mmoja akamwambia hawezi kuonekana na mwanajeshi aliyevaa vibaya; binti wa mfalme akairekebisha kofia. Binti yeyote aliyepitia JKT Makutupora ataicheka hiyo bila kuelezwa.

(Shilingi za soko la Dodoma mwaka ule zilikuwa na kichwa cha huyo huyo baba yao, na askari wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walikuwa bado wanapigana na Mjapani. Filamu nyingine hiyo, inangoja mtu wa kuitengeneza.)

Halafu wakarudi nje ya kasri, wakasimama katikati ya umati, wakamwita mfalme kwa sauti pamoja na watu wote. Baba yao mwenyewe! Wakatuma hata ujumbe ndani kwamba wapo nje wanangoja.

"Na walitoka?" binti akauliza.

Walitoka, baba na mama, wakasimama kwenye roshani, na mabinti wakawaona kutoka chini.