Ya matumizi iwe na tarehe

Nilitumwa chumvi dukani kwa Mangi, nikaliona jina la mama kwenye daftari la mkopo. Kurasa mbili na kitu. Unga kilo mbili, sukari nusu, mafuta ya kupima, mayai manne, mkaa. Nilipotazama tarehe niliishiwa nguvu. Ni mwezi uleule niliomletea televisheni ya inchi 43, majirani wakaja kuiona, mama akanipigia vigelegele.

Nilikuwa na miezi tisa kazini. Mshahara wa kwanza nilimkabidhi mama bahasha nzima, kama wengi tunavyofanya, akanishika kichwa akaniombea dua. Baada ya hapo nilikuwa natoa nikijisikia, au nikiombwa. Na mama haombi. Amefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, amestaafu, ana pensheni yake ya kila mwezi. Kumwomba mwanawe hela ya nyanya kwake ni aibu asiyoiweza. Akaona heri akope kwa Mangi, na mimi mwenye mshahara nimelala chumba cha pili.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja. Mtoto mzima mwenye kipato anayeishi kwa wazazi atoe hela ya matumizi kila mwezi, kiasi kijulikane, tarehe ijulikane, na aiweke mkononi mwa anayeendesha jiko. Televisheni, makochi na keki ya siku ya kuzaliwa vije baada ya unga. Zawadi kubwa huonekana na majirani, ndiyo maana tunazipenda. Sukari nusu kilo haionekani na mtu, na ndiyo iliyomfanya mama aandikwe kwenye daftari.

Nilipomweleza mama kwamba nataka kutoa kila mwezi, nilikosea neno. Nilisema nitakuwa nalipa. Aliniangalia akasema, "Kwani nimekufungulia gesti hapa?" Siku mbili hakunisemesha vizuri. Alikuwa na haki yake. Kodi unampa mwenye nyumba ambaye ukiugua hajui, na ukichelewesha anakufungia mlango. Chumba ninacholala nimekikuta, alikijenga marehemu baba tofali kwa tofali, sitakilipia. Ninachochangia ni ninachokula, maji ninayooga na umeme ninaopigia pasi. Tukaiita ya matumizi, mambo yakatulia.

Huo umeme wenyewe watoto wengi hatuufikirii kwa sababu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hainunuliwi na simu yetu. Shirika la umeme, TANESCO, lina bei ya chini kwa nyumba yenye matumizi madogo, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka hapo, bei ya uniti inapanda zaidi ya mara mbili. Mama akiwa peke yake na taa, redio na friji dogo anaweza kubaki ndani ya hizo 75. Nikiingia mimi na pasi ya kila asubuhi, hita ya maji, feni usiku kucha na kompyuta, nyumba nzima inaweza kutolewa kwenye bei nafuu, na mama akalipa bei mpya hata kwa taa yake ya barazani. Juu yake kuna kodi ya jengo inayokatwa humohumo kwenye LUKU kila mwezi. Kwa hiyo kijana anayesema "mimi nalala tu hapa, nakula kazini" bado anamgharimu mzazi, hata kama hajashika sahani.

Najua mishahara yetu. Wangu ni laki nane na nusu kwenye karatasi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 kwa deni la chuo, kodi ya mapato inachukua chake, na mkononi inanifikia laki tano na sitini na kitu. Natoa laki moja na nusu. Kuna miezi inauma. Lakini nilishaulizia chumba masta hapahapa Tabata, kwa hiyohiyo laki moja na nusu: mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, dalali anataka ya mwezi mmoja, hapo sijanunua godoro wala mtungi wa gesi. Zaidi ya milioni moja kabla sijapika chai. Kukaa nyumbani kunaniokolea hela nyingi kila mwezi, na si haki faida yote niile mimi.

Linaloniumiza zaidi katika jambo hili ni namna tunavyowatofautisha watoto. Kijana wa kiume akipata kazi, shangazi na wajomba wanamwambia ajipange, anunue kiwanja. Binti anaambiwa yupo nyumbani tu, ataolewa, hela za nini? Basi anatoa hela, na jioni anaosha vyombo pamoja na sahani ya kaka yake ambaye hatoi kitu. Mdogo wangu anaendesha bodaboda. Kila jioni ana hesabu ya kumpelekea tajiri wake, mwenye pikipiki, na hajawahi kuikosa, kwa sababu tajiri atachukua pikipiki. Nyumbani alikuwa anasema, "Dada, mimi sina mshahara wa mwezi." Nikamwambia kama hesabu ya tajiri ni ya siku, ya mama nayo iwe ya siku. Sasa anaacha shilingi elfu mbili kwenye kopo la majani ya chai akirudi. Siku mbaya anaacha elfu moja, au anasema leo sina. Sahani yake anaosha mwenyewe.

Asiye na kazi asidaiwe. Kumtoza mtoto anayezunguka na bahasha za maombi ya kazi ni kumsukuma kwenye mikopo ya mtandaoni yenye riba za kutisha. Na wapo wazazi wanaovuka mpaka. Rafiki yangu ana miaka 33, kadi yake ya benki inakaa kwa mama yake tangu alipoajiriwa. Hana kiwanja, hana akiba, akitaka nauli anaomba. Kingekuwepo kiasi kilichotajwa na kukubaliwa, na yeye angekuwa na la kusema. Kiasi kisipotajwa, mzazi mpole anakopa dukani na mtoto mpole ananyang'anywa mshahara wote, na wote wawili wanaogopa kufungua mdomo kwa sababu ya heshima.

Deni la Mangi tulilimaliza kwa miezi mitatu. Mama sasa ananunua mchele kwa gunia, anagawana na jirani yake, na anasema unamfikia kwa bei ndogo kuliko alipokuwa anapimiwa kilo kilo.

Mwakani natarajia kuhama. Ile kodi ya chumba ya miezi sita nimekaribia kuitimiza. Nilimwambia mama wiki iliyopita tukiwa tunachambua mchicha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ya matumizi?" Nikamwambia nitashusha iwe laki moja, tarehe ileile 28. Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua daftari lake, akaandika.