Nina kilo 100 za ngano na janga lenyewe halijafika

Jamani mi nina kilo 100 za ngano ndani na leo naomba mniache niongee. Sio unga. Ngano nzima, punje zenyewe, zile ngumu ambazo moja ikidondoka sakafuni usiku ukaikanyaga peku utawataja mababu wote kwa majina.

Ilianza jioni moja nimekaa nasikiliza habari, vita, ukame, mafuriko, magonjwa, nikainuka kwenda kuangalia jikoni nikakuta tuna unga wa siku tatu na chumvi nyingi ajabu. Nikasema baba mwenye nyumba sikutwi na janga hivi hivi. Nikasoma nikaelewa kwamba unga wa ngano nzima haukai, ukishasaga tu yale mafuta ya kwenye kiini yanaanza kuharibika, miezi michache unanuka kama rangi ya ukuta, ila punje ikiwa kavu na ukaifungia isiguswe na hewa, joto wala panya, inakaa hata miaka 30. Thelathini! Mi nina miaka 47 na sina mpango wa Ijumaa, ila ngano yangu ina mpango mpaka wa wajukuu.

Kununua kwenyewe vituko. Wa kwanza aliniambia bei ya kutupa, naangalia punje zina rangi ya waridi, namuuliza mbona hizi zimepaka lipstiki, ananijibu bila aibu kwamba hiyo ni mbegu, imepakwa dawa ya ukungu, haifai kuliwa. Sasa kaka, mi nimefika hapa na jembe? Wa pili alikuwa mzee mstaarabu, akanipa punje akasema ng'ata, ikikatika kwa mlio ujue kavu, ikibonyea ina unyevu hiyo itaota ukungu. Nikang'ata, ukatoka mlio mzuri kabisa, mzee akafurahi. Kumbe aliyelia ni jino. Nikalipia magunia manne ya kilo 25 huku nimeshika shavu.

Nyumbani nikampigia mama watoto hesabu aone ameolewa na kichwa. Gramu 100 za ngano zina kama kalori 330, kwa hiyo kilo 100 ni kalori 330,000, mtu akila 2,000 kwa siku ni siku 165, miezi mitano na nusu hiyo mama!

"Baba, kwani unakula peke yako?"

Tuko watano. Siku 33. Nikiwa bado nameza mate akauliza taratibu, "Na mama akija?" Mama mkwe akija ni siku 27. Yaani nahitaji janga lisilozidi mwezi na mama mkwe awe na udhuru.

Basi ndoo. Ya lita 20 inabeba kama kilo 15, nikanunua saba, na ile mifuko inayong'aa ya kuweka ndani, na vile vipakiti vya kunyonya oksijeni ambavyo ndani yake kuna vumbi la chuma tu, chuma kinapata kutu, kutu inakula oksijeni, mdudu anakosa pumzi. Akili ya hali ya juu. Nikafungua vipakiti vyote, nikavipanga mezani kama karata, simu ikaita, shemeji, na shemeji yangu huyu akipiga anaanza na salamu za mwaka juzi. Narudi navishika vina joto, kufika jioni vimekuwa vigumu kama vipande vya tofali. Vilikuwa vinanyonya oksijeni ya sebule! Nikavitia hivyo hivyo maana nimevinunua kwa hela.

Wiki sita baadaye namwonyesha jirani, nafungua ndoo kwa madaha, naona vumbi jeupe, punje zina vitundu, na fukusi mmoja anatembea juu yake polepole kama mtu anayekagua kiwanja chake. Na hakuingia kutoka nje huyo. Fukusi jike anatoboa punje, anataga yai ndani, anaziba tundu na kuondoka zake, we unaiona punje nzima imenona kumbe kuna mtoto humo anakula kuta. Nimenunua nyumba na wapangaji ndani.

Dawa nikaambiwa ni friza. Ndoo saba, kila moja siku nne, hesabu mwenyewe, na vitu vyote vya mama watoto vikatolewa nje kupisha ngano, na ukiitoa usifungue mfuko mpaka upoteze ubaridi la sivyo unashika majimaji na kazi inaanza upya. Halafu ndoo haikai chini kwenye saruji, inataka mbao. Na chumba chenye ubaridi kuliko vyote ni chetu. Kwa hiyo ngano imelala kwenye mbao nzuri na mimi naruka ndoo kwenda kitandani.

Juzi sasa, saa moja usiku, umeme ukakatika. Nikasimama moyo unadunda, nikasema hatimaye! Nikapapasa gizani, nikamimina ngano kwenye mashine yangu ya kusagia, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena.

"Baba, hiyo inatumia nini?"

Nikanyamaza. Kuchemsha nako inataka kulowekwa usiku kucha kisha lisaa zima jikoni, na jiko letu, haya tuyaache. Mkubwa akatumwa mkate. Mkate mweupe, umeshakatwa vipande. Mi nikaususia, nikakaa kwenye ndoo natafuna punje mbichi kwa upande wa jino zima, na ukitafuna sana inavutika kama mpira.

"Baba unatafuna nini?"

"Ngano."

"Inakuwa chingamu? Nipe!"

Wakaja wote watatu, tunatafuna gizani kama mbuzi. Mama watoto naye akanyoosha mkono bila kusema neno, nikamhesabia punje kumi, hazizidi, maana tuna siku 33 tu.