Ulaya sawa, ila utakaa mtaa gani?

Swali ninaloulizwa sana na wadogo zangu hapa Mwanza, hasa wale wa uuguzi na wale wanaomaliza chuo pale Malimbe, ni lile lile: eti dada, kati ya Ujerumani, Uingereza na Kanada wapi kuzuri? Jibu langu huwa linawakera maana nawarudishia swali, utakaa mtaa gani? Wananiangalia kama nimewakata stimu, wengine wanadhani nawabania.

Siwabanii. Naona tu tunaanzia mbali mno. Hakuna mtu anayekaa Ujerumani nzima bana, unakaa kwenye chumba, na hicho chumba kina mwenye nyumba wake, kina majirani zake, kina umbali wake mpaka kazini, na hayo ndo yatakayoamua kama mwaka wa kwanza utaishi au utalia kwenye simu na mama. Mbona hapa tunalijua hilo? Mtu akipata kazi hospitali ya Bugando hakimbilii chumba Kisesa kule nje ya mji kwa sababu tu kodi iko chini, anakaa chini kwanza, anapiga hesabu ya daladala kwenda na kurudi, anajiuliza akitoka shifti usiku atapanda nini, maji yanatoka kila siku au ya kuvizia, na kama ni kule juu kwenye mawe je bodaboda inafika mlangoni au unashushwa chini unapanda na mizigo kichwani. Sasa huyo huyo mwenye akili zake akisikia Ulaya hesabu zote zinayeyuka, anaenda popote ambapo binamu yake alishawahi kupiga picha.

Mi upendeleo wangu nauweka mezani mapema: nilikaa Würzburg, na nitaisifia. Kwa wasiojua, Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966, ndo maana ukiwa pale ukisema unatoka Mwanza unakutana na watu, hasa wazee wa kanisani na wa hospitalini, ambao wanaijua Bugando kwa jina. Ni mji mdogo, watu kama laki moja na thelathini hivi, wakati sisi wilaya zetu mbili za jiji, Nyamagana na Ilemela, tukijumlishwa sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni moja. Lakini una chuo kikuu kikubwa, una hospitali ya chuo, una tramu (treni za mtaani), na mto Main unapita katikati kwa hiyo mtoto wa ziwani hukosi kabisa maji ya kuyaangalia. Wakati wa baridi tu ndo hutayaangalia, utapita mbio.

Kila mtu anataka Munich au Berlin. Haya tupige hesabu ya Munich. Mwanafunzi anayeomba viza anatakiwa aonyeshe akaunti ya zuio, yaani hela yako mwenyewe ambayo benki inakuachia kidogo kidogo, yenye euro 11,904 kwa mwaka, kiwango hicho kilianza Septemba 2024, yaani unaruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Chumba cha kushea Munich kuzidi euro 700 ni jambo la kawaida kabisa, bado bima ya afya inayokula mia na kitu, bado simu, bado chakula. Unabaki na nini, unabaki na mji mzuri wa kuangalia kupitia dirishani. Miji iliyo midogo kuliko Munich, Würzburg yenyewe, Leipzig, hata Chemnitz ambako kodi ni za chini sana kulinganisha na Bavaria, jimbo lenye Munich, inakupa nafasi ya kuhema wakati lugha bado inakusumbua. Kazi za watu wa afya ziko huko pia, tena wanawahitaji sana.

Afu kuna hili suala la hela ya mlangoni ambalo wengi linawachanganya kwa sababu wanaenda na akili za dalali wa hapa. Hapa mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka, na dalali anakula mwezi wake hata kama alichofanya ni kukuonyesha mlango. Kule kodi unalipa kila mwezi, na dipoziti sheria imeweka mwisho, isizidi kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu gharama za ziada kama maji na kupasha nyumba joto, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Dalali naye analipwa na aliyemtuma, kwa hiyo kama mwenye nyumba ndo kamuweka wewe hudaiwi kitu, sheria hiyo ipo tangu 2015. Ila soma tangazo kwa macho mawili maana bei kubwa iliyoandikwa pale juu mara nyingi ni kodi tupu, joto na maji na taka vinakuja juu yake, umeme na intaneti unajitafutia mwenyewe. Na nyumba tupu kule ni tupu kweli, jikoni hamna hata sinki, wakati mwingine waya zinaning'inia bila balbu. Sisi hatushtuki sana na chumba kitupu, tatizo ni kwamba huwezi kuweka jiko la mkaa kwenye korido ukasema utanunua la maana mwezi ujao.

Ndo maana nasisitiza miezi ya mwanzo chukua kitu cha muda chenye fanicha, chumba cha mtu aliyesafiri, hosteli ya wanafunzi kama una bahati (omba mapema, foleni zake ni ndefu), chochote, mradi usifunge mkataba mrefu kwenye mtaa ambao hujawahi kuutembelea usiku. Ukishafika utajua mwenyewe. Würzburg kwa mfano, anayefanya kazi hospitali ya chuo mi ningemwambia Grombühl tu, unatembea kwa mguu mpaka wodini, hata theluji ikimwagika hautegemei mtu. Heuchelhof ni magorofa ya kule juu kilimani, wahamiaji wengi, majirani wanakuelewa ukikosea Kijerumani, tramu inapanda mpaka huko, lakini kwa mwenye shifti ya alfajiri hiyo safari ya kila siku ataichoka. Zellerau iko ng'ambo ya mto, zamani watu walikuwa wanaidharau kama mtaa wa vibarua, mi niliipenda. Haya mambo huwezi kuyajua ukiwa Nyegezi unaangalia ramani kwenye simu.

Na kwenye simu hiyo hiyo ndo wanapoibiwa. Chumba kizuri, katikati ya mji, bei ya kutupa, afu mwenye nyumba yuko nchi nyingine kikazi, tuma hela ufunguo unakuja kwa posta. Jamani. Hakuna ufunguo. Usitume hata euro moja mpaka mtu mwenye miguu yake aingie kwenye hicho chumba, na Watanzania wapo, omba kwa adabu, kuna mtu ataenda kukuangalizia.

Kubwa kuliko yote ni karatasi. Ukihamia nyumba una wiki mbili uwe umejiandikisha kwenye ofisi ya mji, wenyewe wanaita Anmeldung, na wanataka fomu iliyosainiwa na aliyekupa nyumba kwamba kweli umehamia kwake. Namba ya mlipakodi wa serikali inatumwa kwa posta kwenye anwani uliyoandikisha, benki wanauliza hiyo karatasi, ofisi ya wageni nayo inauliza. Kwetu unaweza kukaa mtaa mwaka mzima mjumbe hajui hata jina lako, siku unataka barua ya serikali ya mtaa ndo unaenda kujitambulisha na mambo yanaisha. Kule hayaishi.

Kuhusu kukaa na Wabongo wenzako maoni yangu najua hayapendwi. Wapo wanaosema wakimbie kabisa ili ujue lugha haraka, wapo ambao hawajawahi kula chakula cha Mjerumani hata siku moja na wana miaka. Mi nasema uwe na wachache wa karibu, wa kukuletea uji ukiumwa, halafu nyumba iwe mahali ambapo lazima uongee Kijerumani kwenye ngazi. Jiunge na kitu, kwaya, mpira, chochote, wale watu urafiki wao unapitia kwenye vyama, ukimsubiri jirani akukaribishe chai utazeeka. Na jiandae kwa ukimya. Saa nne usiku ni kimya, Jumapili kimya mchana kutwa, maduka ya Bavaria saa mbili usiku yamefungwa na Jumapili kwa kawaida hayafunguliwi, kwa hiyo yale mazoea ya kutoka saa tatu kwenda gengeni kwa mama fulani kuchukua nyanya mbili na kiberiti sahau. Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu hivi, na sisi tumezoea lile letu la karibu saa moja linalotua taratibu ziwani. Hilo limewavunja wengi kuliko baridi yenyewe, na hamna aliyekuwa amewaambia.

Halafu siku moja utakutana na sangara kwenye friza la supamaketi, minofu mitupu bila kichwa, imeandikwa jina la Ziwa Victoria, ukiona bei yake utairudisha pale pale ulipoikuta. Mi nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaanza kunifuata.

Sasa wazazi nao, samahanini, mnachangia. Mnamwambia mtoto nenda kwa mjomba, mjomba yupo, chumba kipo, usijitie gharama. Mjomba mwenyewe anapanga, na mkataba wake pengine hauruhusu mtu wa tatu, kwa hiyo mtoto anaingia kimya kimya, anaambiwa asiandike jina kwenye kisanduku cha barua, na barua zote za serikali kule zinakuja kwa jina la kwenye kisanduku. Mi sisemi mjomba ni mbaya. Kabla hamjakata tiketi mpigieni mumuulize jambo moja tu, mwenye nyumba wako atasaini fomu ya kujiandikisha? Akijibu ndiyo bila kusita, mtoto aende. Akianza kuzungukazunguka, oh tutaona akifika, oh mambo yatajipa, basi tafuteni hosteli na hiyo ndege isubiri mwezi mwingine.